Mkole Uliokaribia Kuninyima Mke

Juzi alinijia kijana mmoja wa Mzumbe hapa kwangu Bigwa, kanyoa vizuri, simu mbili mkononi. Kanipa shikamoo, nikaitikia marahaba, nikamvutia kigoda. Akaniambia kajenga, sasa anataka kupamba mbele ya nyumba.

"Babu, nataka mmea usioangusha majani, usiovuta wadudu, usiochafua vigae vya pevingi, na usiotaka maji."

Nikamwambia mmea huo upo, ni wa plastiki, unauzwa madukani mjini, na kazi yake ni kuufuta vumbi tu. Akacheka, akidhani namtania.

Basi na nyinyi wengine mnaopenda bustani, kaeni niwaambie, maana nimeona mnavyopanda. Kila nyumba mpya ina mashoki mawili getini, ile miti iliyonyooka kama mlingoti, ukoka uliokatwa chini kabisa, na pembeni mmea fulani wa majani mekundu ambao hata aliyeuuza hajui jina lake. Mashoki nimeyauza mimi mwenyewe, yamenilisha, siwezi kuyatukana. Lakini hebu keti chini ya shoki asubuhi nzima, halafu uje uniambie umeona nini zaidi ya shoki.

Mimi nimefanya kazi kwenye kitalu cha miche pale chini ya mlima mpaka magoti yakaomba kustaafu kabla yangu. Katika miche yote iliyopita mkononi mwangu, mmoja tu ndio uliotaka kuninyima mke. Na huo huo ndio ninaowaomba muupande.

Jina lake mkole. Si mti hasa, ni kichaka kinachojiona mti. Matawi yake yanakwenda yanakotaka, majani yana meno madogo pembeni, na ukiligeuza jani unakuta chini ni jeupe. Unatoa maua ya njano, madogo, na yakifunguka nyuki wanakuja kabla hujamaliza chai. Halafu yanakuja matunda, madogo ya rangi ya chungwa, nyama haba, kokwa gumu. Hapo ndipo ndege wanapopata habari. Shore wanafika kwa kelele, kuzumburu wananing'inia na mikia yao mirefu, vipepeo wanazunguka chini kwenye yaliyooza. Unakuwa na watu wengi nyumbani bila kupika.

Sisi tuliokulia Gairo tunaujua tangu utotoni. Tulikula matunda yake tukichunga mbuzi, tulichuna magome yake kufungia kuni, na fimbo ya mkole na mgongo wangu vilifahamiana vizuri shuleni. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mti huo una wenyewe. Labda wanawake wa kwetu walijua, lakini mimi nilikuwa nachunga mbuzi.

Nilipokuja Morogoro kutafuta kazi, nilipokelewa kitaluni na Mzee Kondo, Mluguru wa Kiroka, msimamizi wetu. Mzee huyu alikuwa akipima unyevu wa udongo kwa kiwiko. Vidole, alisema, vinadanganya, vimeshazoea kila kitu. Kwa hiyo aliinama kwenye kila tuta, anabonyeza kiwiko, anatulia, ndipo anatoa hukumu: mwagilia, au acha. Mashati yake yote yalikuwa na doa la udongo mkono wa kulia, na mkewe alishachoka kusema. Ukishika mpira wa maji ukamwaga kwa nguvu, unasikia sauti nyuma yako: "Unamwagilia au unazima moto?" Mpaka leo natumia kiwiko. Jaribuni, mtaona.

Sasa, alikuja mama mmoja wa Kilakala, nesi mstaafu. Akasema, "Nimesikiliza wagonjwa maisha yangu yote, sasa nataka kusikiliza ndege." Bustani yake ilijaa bogenvilia, nzuri kweli, lakini kimya. Nikamwambia anachotaka ni mkole. Akauliza kama tunao. Nikamjibu kwa sauti ya kitaalamu kwamba utapatikana, wakati kitalu kizima hakikuwa na hata mmoja. Ulimi wa mfanyakazi mpya una haraka kuliko jembe lake.

Wakati huo nilikuwa nimeshapeleka posa Kiroka. Binti aliitwa Tatu, alikuwa akileta ndizi sokoni, na alikuwa na tabia ya kukucheka kwanza ndipo akujibu. Mshenga wangu alikuwa Mzee Kondo mwenyewe. Kwa Waluguru mjomba ndiye mwenye neno, na mjomba alikuwa ameshakubali. Kilichobaki ni mimi kwenda kusalimia. Nikapakia sukari kwenye baiskeli, nikaenda.

Nilipofika sikukuta mtu, wote walikuwa shambani. Nikaacha sukari barazani, nikazunguka nyuma kutafuta kivuli. Ng'ambo ya migomba nikauona. Mkole mkubwa, mzuri kuliko yote ya Gairo, umetanda, na chini yake pamefagiliwa hakuna hata jani. Mtu mwenye akili angejiuliza nani anafagia chini ya kichaka porini. Mimi nilifikiri tu kwamba ukweni kwangu ni watu wasafi, na nikafurahi.

Nikatoa mkasi wa kupogolea, nikakata matawi machanga ya kutengenezea vipandikizi, mzigo mzuri tu. Kamba sikuwa nayo, nikachuna gome la mkole huo huo nikafungia nyuma ya baiskeli. Nikapanda, nikashika njia ya katikati ya kijiji, moyo mweupe.

Bombani walikuwepo kina mama wanateka maji. Wa kwanza aliponiona ndoo ikamtoka mkononi. Wa pili akajifunika uso kwa kanga. Bibi mmoja mzee akacheka mpaka akakaa chini kwenye tope. Mimi nikawasalimu kwa heshima zote, "Hamjambo mama zangu!" Hakuna aliyejibu. Nikadhani hawajanisikia, nikapiga kengele ya baiskeli.

Kesho yake Mzee Kondo alifika kazini akapita matuta yote bila kuinamia hata moja.

"Athumani, jana ulibeba nini?"

"Vijiti vya mkole, mzee."

"Wa wapi?"

"Wa nyuma ya kwao Tatu."

Akakaa juu ya kiroba cha samadi. "Mwanangu, pale ndipo wanawake wanapompeleka mwali."

"Kufanya nini?"

"Unaniuliza mimi? Mimi mwanaume. Sisi tunajua jambo moja tu, kwamba hatujui. Ukiuona ule mti, unakohoa, unageuza njia, unakwenda zako. Wewe umeukata, umeufunga kwenye baiskeli, umewapitishia wenyewe pale bombani. Na nasikia ulipiga kengele."

"Nilipiga kidogo tu, mzee."

Mzee Kondo akafunika uso kwa mikono yote miwili. Nilidhani analia. Baadaye mabega yalipoanza kutikisika nikajua anacheka, na nikaogopa zaidi.

Mambo yalikuwa mazito kuliko nilivyofikiri. Mama yake Tatu, Bi Zuhura, ndiye aliyekuwa kungwi wa mabinti wa upande ule. Mti nilioukata ulikuwa chini ya mikono yake, na kabla yake ulikuwa wa mama yake. Mjomba alipoulizwa habari za posa alisema hilo sasa ni la wanawake, akachukua jembe akaenda shamba, na mvua ilikuwa inanyesha. Neno la Bi Zuhura lilinifikia kupitia kwa mshenga: nisilete mbuzi wala kitenge. Nilete mkole, ulio hai, niliouotesha kwa mkono wangu mwenyewe. Siku nitakayouleta ndipo watazungumza habari za Tatu. Na kama nitachelewa, yeye hawezi kumzuia binti yake kuolewa kwa ajili ya mtu asiyejua kuotesha kitu.

Nikaona jambo dogo. Si ndiyo kazi yangu? Nikachomeka vipandikizi vyote kwenye viriba, vile vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche, nikavifunika, nikavipima kwa kiwiko asubuhi na jioni. Vikakauka vyote. Mkole hauna haraka ya kushika kwa kijiti, jueni hilo. Nikaenda porini upande ambao hauna wenyewe, nikaulizia kwanza, nikaokota matunda. Nikapanda mbegu. Kimya. Nikachemsha mbegu kidogo kulainisha kokwa, na nadhani nilizipika. Nikazisugua kwenye jiwe. Nikaziloweka kwenye maji ya ndimu, Mzee Kondo akaja, akachungulia ndani ya kopo, akanusa.

"Hii sasa ni achari," akasema.

Kila nikienda sokoni Tatu alikuwa na swali moja.

"Umeota?"

"Bado."

"Yule wa vitunguu kaniuliza kama napenda kupanda gari."

Wa vitunguu alikuwa mfanyabiashara wa Dumila mwenye pikapu, ambayo siku hizo ilikuwa inaharibikia karibu na ndizi za Tatu kila siku ya soko. Nikamuuliza alimjibu nini.

"Nimemwambia mama yangu anapenda miti. Kasema atampelekea." Akacheka, halafu akaacha kucheka. "Fanya haraka, Athumani. Mimi siwezi kumsemea mtu asiyekuja."

Siku ile nilitembea kurudi kitaluni nikiwa na hofu ya kweli. Nilimpenda binti yule, na nilikuwa naelekea kumkosa kwa sababu ya kokwa lisilozidi punje ya choroko.

Na unajua yule bwana alikwenda kununua mti wapi? Kwetu. Pikapu ikasimama getini, akashuka, akasema anataka shoki bora kuliko yote, la kumpelekea mama mkwe. Mzee Kondo akaniangalia. Mimi nikaangalia chini. Kazi ni kazi. Nikaenda kwenye safu ya nyuma, chini ya waya wa kuning'inizia neti ya kivuli, nikachagua shoki lililonyooka, nikachutama kung'oa magugu kwenye kiriba, maana mteja anapenda kiriba kisafi.

Kigugu kilikuwa kimoja. Nilishakishika kwa vidole viwili, nimeshaanza kuvuta, ndipo nikaona meno pembeni ya jani. Nikaligeuza. Chini jeupe.

Nikainua macho. Juu yangu, kwenye waya, shore wawili walikuwa wanapiga kelele zao, na viriba vyote vya chini yao vilikuwa na alama nyeupe za kinyesi. Walikuwa wanakula mkole huko vilimani, wanakuja kupumzika kwenye waya wetu, wanapanda bure kabisa. Na mimi, tangu niajiriwe, kila wiki nilikuwa napita safu ile nang'oa magugu kwa bidii, nasifiwa.

Mteja akaita, "Vipi, shoki langu?"

"Hili haliuzwi," nikasema.

"Kwa nini? Nimelipenda hilo hilo."

"Lina maradhi."

"Mbona zuri?"

Mzee Kondo akaja, akabonyeza kiwiko kwenye kiriba, akatulia sana, kisha akatikisa kichwa kwa huzuni. "Linakufa hili, bwana. Chukua lile pale." Akachukua lile pale, akapeleka Kiroka, na Bi Zuhura akashukuru vizuri akalipanda uani. Lipo mpaka leo, limenyooka. Wanafungia kamba ya kuanikia nguo.

Hapo ndipo nilipojifunza kuotesha mkole, na ninawapa bure. Mbegu inaota vizuri ikipita tumboni kwa ndege kwanza. Mkiweza, tafuteni mahali shore wanapopenda kutua, muweke viriba chini yake. Tandikeni hata shuka kuukuu mkusanye. Mkishindwa, kuleni matunda wenyewe, msafishe kokwa vizuri kwa mchanga mpaka nyama yote iishe, mloweke, mpande, kisha msahau. Unaota ukiacha kuukodolea macho. Ukishaota, usiuhamishe hovyo, mzizi wake mmoja unakwenda chini sana na haupendi kuguswa. Maji upeni kiangazi cha kwanza tu. Na mbuzi wakae mbali, maana wao wanaupenda kuliko sisi wote.

Nikaulea mche ule mpaka ukawa na majani ya kutosha kuonekana na mtu mzima. Siku ya kuupeleka sikupanda baiskeli. Baiskeli yangu ilikuwa na jina baya Kiroka. Nilishuka basi barabarani nikatembea, mche nimeufunika kwa gunia. Bombani walikuwepo wale wale. Yule bibi wa kukaa kwenye tope akauliza kwa upole, "Baba, leo kengele umeiacha wapi?"

Bi Zuhura alikuwa barazani anachambua choroko. Mbele yake kuku alikuwa anadonoa zilizoanguka. Nikabisha hodi, nikatoa shikamoo. Hakuniangalia.

"We kuku," akasema, "mwambie huyo aliyesimama aweke chini alichobeba."

Nikasubiri kuku aniambie. Ndani ya nyumba nikamsikia Tatu anacheka, kaziba mdomo kwa kanga. Nikaweka mche chini, nikafunua gunia. Bi Zuhura akaligeuza jani moja kwa kidole, akatazama chini yake.

"We kuku, muulize anaumwagiliaje."

Nikamwambia kuku, "Mwambie mama, nabonyeza kiwiko kwanza. Ukiwa na unyevu naacha."

Akachambua choroko zake. Halafu akasema, "We kuku, mwambie kwamba mjomba atamwita." Mlango wa ndani ukapigwa kwa furaha, na kuku akakimbia.

Ndivyo nilivyopata mke. Lakini msidhani mambo ya kuku yaliishia pale. Mama mkwe na mkwewe wanaheshimiana, hawazoeani, hilo mnalijua. Wengine wanasalimiana kwa mbali wakaishi vizuri. Mimi salamu zangu zilipitia kuku. Kuku akikosekana, mbuzi. Siku moja hapakuwa na mnyama yeyote, akaliambia tairi la pikipiki kwamba chai iko tayari. Watoto walipozaliwa alimtuma hata mtoto mchanga aliyelala mgongoni kwa mama yake aniambie nivue viatu.

Na ule mche? Wanawake waliuchukua jioni ile ile, wakaenda nao. Wapi, sijui. Mimi ninayekumbuka kila mche niliouza umepandwa kwa nani, ule sijui ulipo. Nikimuuliza Tatu, "Umeshika?" ananijibu, "Kitu gani?" na anaendelea kukuna nazi. Yalipokuja masika makubwa, ardhi ya nyuma ya nyumba ikateremka na ule mkole mkubwa wa zamani ukaenda nayo. Nililala vibaya, nikiwaza wangu umesimama au umefukiwa. Nikaenda Kiroka kuwapa pole. Bi Zuhura akamwambia mbuzi kwamba mambo ya wanawake yako salama, na mbuzi akanitazama kama anayejua zaidi. Sikupata zaidi ya hapo. Niliumia kidogo, nasema kweli. Mtu anapenda kuona alichokilea.

Yule mama wa Kilakala alipata mkole wake pia, kutoka chini ya waya ule ule. Ulipozaa alinipigia simu akalalamika. "Nilitaka kuwasikiliza ndege, sikusema saa kumi na moja alfajiri!" Jirani yake naye akalalamika kwamba kichaka kitaleta nyoka. Kilicholeta ni kinyonga mmoja, na jirani akamkimbia kinyonga zaidi ya ambavyo angemkimbia nyoka. Msikate kwa ajili ya maneno ya majirani. Msipulizie dawa, mtaua viwavi na vipepeo hamtawaona. Msifagie kila jani, acheni mengine yaoze hapo chini. Na msipogoe wakati una maua. Kama mnakaa karibu na mabibi wa Kiluguru, waulizeni kwanza mahali pa kuupanda. Watacheka, lakini watawaonyesha.

Mimi huku Bigwa nimepanda wangu pembeni ya jiko, mbali na njia. Kuku sifugi, wanachimbua miche. Msimu uliopita Tatu alimleta mama yake kututembelea. Bi Zuhura sasa ni mzee sana, anatembea kwa kushika ukuta. Akaomba akae nje. Nikamwekea kiti, nikasogea mbali kama kawaida yetu, nikawa najifanya napima udongo.

Akafungua pindo la kanga yake. Akamwaga matunda ya mkole kwenye kiganja chake, yameiva, ya rangi ya chungwa. Hayakuwa ya mti wangu wa hapa, ambao ulikuwa bado una maua. Akanyoosha mkono.

"Athumani. Mti wako umezaa."

Nikageuka kumtafuta kuku. Hapakuwa na kuku, wala mbuzi, wala tairi. Tatu alikuwa jikoni.

"Nakuambia wewe," akasema Bi Zuhura. "Njoo ule."

Nikaenda, nikapiga magoti yangu haya mabovu, nikapokea kwa mikono miwili. Nikala yote. Kokwa nikazitema kiganjani moja moja, mbele yake, na yeye akawa anatazama kama nazihifadhi vizuri.

Ndizo zile kwenye viriba vya mwisho pale. Kijana wa Mzumbe ameondoka na kimoja. Nimemwambia kitaangusha majani.